Pikipiki ya silinda nne inamisi, silensa haikai: tutafute silinda kabla ya kununua spea

Mleta uzi, Pasiansi

Wakuu, heshima kwenu. Nina pikipiki ya Kijapani ya cc 400, ya miaka ya tisini, silinda nne kwenye mstari mmoja na kabureta nne. Ilikuwa kwa kaka yangu kule Igombe, ikakaa chini ya mwembe muda mrefu bila kuwashwa baada ya yeye kuhamishwa kikazi. Nimeileta mjini Mwanza, nikaweka betri mpya, ikawaka.

Shida yake ni hii. Asubuhi inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima, silensa (mzunguko wa chini bila kugusa resi) hakuna. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika inatetemeka mpaka vioo havionyeshi kitu, na inakohoa kwenye ekzosi. Ukiivumilia ikavuka 5,000 inafunguka, inaondoka vizuri kabisa. Harufu ya petroli ni kali na wese linaisha upesi mno. Fundi wa mtaani ameweka plagi nne mpya, haikubadilika. Sasa ananiambia ninunue seti nzima ya kabureta, au tufunge kabureta moja ya pikipiki nyingine. Seti ya mtumba bei yake inauma, na sina uhakika kama nayo itakuwa nzima. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Dereva bodaboda, Igoma

Pole mkuu. Hiyo ni koili, ile inayotoa umeme wa cheche kwenda kwenye plagi. Yangu ya silinda moja ilifanya hivyohivyo, nikabadilisha koili na kofia ya plagi, ikatulia mpaka leo. Halafu toa ea klina hiyo kubwa, weka zile ndogo za wazi, injini ipumue.

Fundi, Nyakato

Mleta uzi, koili usinunue bado, kabureta usinunue, na ea klina iache pale ilipo. Hilo la ea klina nitalirudia.

Mdogo wangu wa Igoma amesema kweli kwa pikipiki yake. Silinda moja ikimisi, kila kitu kiko kimoja: plagi moja, koili moja, kabureta moja. Unabadilisha hiki na kile mpaka ipone, na haichukui muda. Silinda nne haikubali mtindo huo, kwa sababu silinda tatu nzima zinaweza kuiburuza moja iliyokufa, wewe uliyekaa juu ukaona injini yote inaumwa. Ukianza kubadilisha spea kwa kubahatisha utamaliza mshahara. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, jibu swali moja: zimekufa ngapi, na ni zipi?

Fanya hivi. Subiri injini ipoe kabisa, asubuhi ni nzuri. Hesabu silinda kuanzia mkono wa kushoto wa dereva aliyekaa: 1, 2, 3, 4. Washa kwa choki, iache ingurume kama dakika moja bila kupiga resi. Chukua chupa ya maji uliyotoboa kifuniko, dondoshea matone kwenye kila bomba la ekzosi, pale karibu na linapotokea kwenye kichwa cha injini. Bomba la silinda hai litakausha tone kwa kuchemka. La silinda iliyokufa litabaki limelowa. Usiguse kwa kidole, hata lile unalodhani ni la baridi.

Jibu utakalopata ndilo litakalotuambia twende wapi. Ikiwa ni moja tu, tunatafuta vitu vyake peke yake: plagi yake, kofia yake, kabureta yake, mpira wa manifoldi yake (unaounga kabureta na injini), valvu zake. Zikiwa zote nne, ni kitu wanachogawana wote: mafuta, tangi, ea klina, umeme wa betri. Zikiwa mbili, angalia ni zipi. Tangu Honda walipoitoa CB750 mwaka 1969, injini nyingi za aina hii zimefuata mpango uleule: pistoni ya 1 na ya 4 zinapanda pamoja, ya 2 na ya 3 zinapanda pamoja. Ndiyo maana nyingi za kabureta zina koili mbili tu, kila moja ina nyaya mbili. Moja inawasha 1 na 4, nyingine 2 na 3. Cheche inaruka kwenye plagi zote mbili kwa mpigo; silinda moja iko tayari kulipuka, mwenzake anatoa moshi na cheche yake inapotea bila madhara. Jozi ikifa kwa mpangilio huo, koili inaanza kushukiwa.

Mleta uzi, Pasiansi

Shukrani sana mkuu. Nimefanya leo alfajiri. Namba 1 na 4 zinakausha tone papo hapo. Namba 3 imelowa tu, baridi. Namba 2 inakausha lakini polepole, ni vuguvugu. Yaani 2 na 3. Basi ni koili?

Dereva bodaboda, Igoma

Si niliwaambia.

Fundi, Nyakato

Dalili inaelekea huko, lakini kuna mambo mawili yananizuia. La kwanza, umesema ikivuka 5,000 inakwenda vizuri. Koili iliyochoka huwa inaaibika pale unapofungua resi na kuibebesha mzigo, maana silinda ikijaa hewa iliyobanwa cheche inahitaji nguvu zaidi ili iruke. Yako inafanya kinyume. La pili, 2 na 3 hazifanani: moja imekufa, nyingine inasuasua.

Tusikisie. Iwashe tena, iache kwenye mzunguko wa chini, izime palepale bila kupiga resi, kisha toa plagi zote nne uzipange kwenye karatasi kwa namba. Ukipiga resi kabla ya kuzima, ushahidi unafutika. Piga picha, utueleze rangi ya kila moja.

Ukiwa na mita, pima na haya. Kofia za plagi zinafunguka kwa kuzungusha kutoka kwenye waya. Nyingi zina ukinzani wa ohm 5,000. Isiyosoma kitu kabisa imekufa. Msiidharau kofia: kwenye koili ya nyaya mbili umeme unatokea plagi moja, unapita kwenye kichwa cha injini, unarudi kupitia plagi ya pili. Kofia ya 3 ikikatika, ya 2 nayo inadhoofika, na mtu ananunua koili bure. Ukiona mwisho wa waya umeota kutu ya kijani, kata kama nusu sentimita, urudishie kofia. Halafu linganisha koili kwa koili. Namba za kitabu zinatofautiana kwa kila pikipiki, lakini koili zako mbili ni ndugu, zinatakiwa zisomeke karibu sawa.

Mwisho, pima volti za betri, kisha pima kwenye waya unaoingiza umeme kwenye koili, swichi ikiwa imewashwa. Tofauti ikizidi volti 1, swichi au soketi zimeliwa na unyevu. Pikipiki zilizokaa kando ya ziwa nimezikuta hivyo mara nyingi, na dawa yake ni kusafisha soketi.

Jambo moja msifanye: kuchomoa kofia injini ikinguruma na kuiacha inaning'inia. Cheche ikikosa pa kwenda inatafuta njia ndani ya koili au kwenye sidiai (kifaa kinachoamuru cheche), na sidiai ya hizi pikipiki siyo ya kupata kirahisi.

Mwanafunzi wa ufundi, Nyamagana

Naomba kuuliza mwalimu. Kwa nini tusianze na kupima kompresheni? Darasani tumefundishwa injini inataka vitu vitatu: kompresheni, moto na mafuta.

Fundi, Nyakato

Swali zuri, na mpangilio wako ni sahihi. Nimeahirisha kwa sababu ile injini inakwenda vizuri juu. Silinda isiyo na kompresheni haifufuki kwenye 5,000.

Siku ya kupima, toa plagi zote nne, fungua resi mpaka mwisho, betri iwe imejaa, uzungushe kwa stata mpaka geji isipande tena. Usisahau tuko wapi. Uso wa ziwa letu, Victoria, uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 10. Geji itasoma chini kidogo kuliko kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari, na hilo siyo ugonjwa. Angalia zaidi kama silinda nne zinakaribiana. Moja ikiwa chini sana, mwagia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake.

Hewa hiyohiyo ndiyo inafanya kabureta iliyosetiwa kwa usawa wa bahari iwe na petroli nyingi kidogo huku kwetu. Kidogo tu. Haiwezi kulowesha plagi, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba petroli inakunukia kwa sababu ya mwinuko.

Mleta uzi, Pasiansi

Mrejesho wakuu. Kofia zote zinasoma karibu na 5,000. Koili zinalingana. Betri volti 12.6, kwenye koili 12.1. Plagi 1 na 4 zina rangi ya kahawia hafifu. Plagi 2 ni nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Plagi 3 ni kavu na safi kana kwamba imetoka dukani.

Fundi, Nyakato

Sasa tumefika mahali. Koili imejitetea yenyewe. Ingekuwa haitoi cheche, plagi 2 na 3 zingetoka zote zimelowa, kwa sababu petroli ingeendelea kuingia bila kuchomwa. Yako ya 3 ni kavu: kwenye silensa hapati petroli kabisa. Ya 2 anapata kupita kiasi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kwenye silinda zinazopakana, na kwa bahati mbaya silinda hizo zinagawana koili. Fundi aliyeweka plagi mpya alikuwa na majibu yote mkononi, ila alizitoa za zamani bila kuzipanga kwa namba.

Ya 3 naona ni jeti ya silensa imeziba. Petroli ikikaa muda mrefu kwenye bakuli la kabureta inakauka na kuacha gundi, na tundu la jeti hiyo halifiki hata nusu milimita, ndilo la kwanza kuziba. Ukifungua resi, jeti kubwa inachukua kazi, silinda inafufuka. Ndiyo ile 5,000 yako.

Kuhusu ya 2, niangalizie koki ya mafuta chini ya tangi. Ina alama za ON, RES na PRI? Kama ndiyo, kuna mpira mwembamba kutoka nyuma ya koki kwenda kwenye manifoldi ya silinda mojawapo. Uchomoe pale kwenye koki uone kama una unyevu.

Mleta uzi, Pasiansi

Aisee mkuu, umejaa petroli! Umetiririka mpaka kwenye vidole. Na unaingia manifoldi ya silinda namba 2.

Fundi, Nyakato

Basi huyo ndiye mlevi wako. Koki ya aina hii haifunguki kwa mkono peke yake. Injini ikizunguka inanyonya hewa kupitia mpira huo, kiwambo chembamba ndani ya koki kinavutwa, petroli inashuka kwenye kabureta. Injini ikizima, kinajifunga. Kiwambo kikizeeka kinapasuka, na petroli inapata njia ya mkato: inanyonywa moja kwa moja mpaka ndani ya silinda bila kupita kabureta. Kwenye silensa mnyonyo ni mkali, ndiyo maana 2 inalowa. Ukifungua resi mnyonyo unapungua, inajitahidi. Wese linaloisha upesi na harufu vinatoka hapo.

Nunua kiwambo cha kukarabatia au koki kamili. Kwa majaribio, ziba kile kichuchumio cha manifoldi (kijibomba mpira ule unapochomekwa) kwa kofia ya mpira, weka koki kwenye PRI. PRI inashusha petroli bila kusubiri mnyonyo, kwa hiyo ni ya majaribio tu. Usiiache PRI pikipiki ikiwa imepaki: nidoli ya floti ikivuja kidogo, petroli itajaza silinda usiku kucha, na ukigusa stata asubuhi unaweza kupinda konrodi (mkono wa pistoni).

Sasa kabureta, na hapa naomba usome polepole. Zitoe zote nne zikiwa zimeshikana. Usizitenganishe, hakuna sababu, na kuzirudisha sambamba ni kazi ya siku nzima. Kabla ya kutoa, fungua skrubu ya kumwagia iliyo chini ya kila bakuli, petroli iingie kwenye chupa nyeupe, chupa yake kila moja. Maji yatakaa chini, kutu utaiona. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara.

Jeti ya silensa iko ndani kabisa ya shimo lake, kichwa chake ni laini kwa sababu ni shaba. Tumia bisibisi inayoingia sawasawa. Ukiikwangua haitoki tena. Ipeleke kwenye mwanga: usipoona duara kamili, imeziba. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pulizia kwa upepo wa kompresa. Tafadhali usitie waya wa chuma wala sindano. Ukipanua tundu hilo kidogo tu, silinda hiyo haitalingana na wenzake maisha yake yote. Ikishindikana, uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa redio unatosha.

Skrubu ndogo ya mchanganyiko, ambayo kwa nyingi iko chini upande wa injini, usiifungue kabla ya kuhesabu. Ikaze taratibu mpaka ikae, ukihesabu mizunguko, andika, ndipo uitoe. Ina springi, washa ndogo na oringi nyuma yake. Hiyo washa na oringi hubaki shimoni watu wakidhani hazipo, kisha wanapuliza upepo zinaruka majanini. Pulizia kila tundu utakaloona, pamoja na vitundu vidogo karibu na kipepeo cha resi. Viwambo vya mpira vya juu usivirushie dawa ile, inavivimbisha.

Fanya zote nne, siyo ya 3 pekee. Zimekaa mwembe mmoja.

Mkazi wa Sengerema

Ngosha, samahani naingilia uzi. Yangu nayo ni silinda nne. Inatoka nyumbani vizuri, nikikaribia daraja la Kigongo–Busisi inaanza kukosa nguvu na kuzima. Nikisimama kidogo inawaka. Zote nne zinakufa pamoja.

Fundi, Nyakato

Ikizima safari ijayo, fungua kifuniko cha tangi palepale. Ukisikia hewa inavutwa ndani na pikipiki ikawaka, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Petroli inashuka, hewa haiingii, tangi linajifunga lenyewe. Safisha tundu. Na kama kuna mpira wa kupumulia, angalia nyigu wa udongo hajajenga ndani, wanapenda sana matundu ya ukubwa huo. Ikiwa siyo hivyo, rudi tuongee.

Dereva bodaboda, Igoma

Mkuu nimejifunza mengi hapa. Lakini ile ya ea klina hujaijibu.

Fundi, Nyakato

Kweli. Kabureta za hizi pikipiki zina bomba dogo la ndani (siyo la ekzosi) linalopanda lenyewe. Resi inafungua kipepeo tu. Bomba lenye sindano linainuliwa na tofauti ya mkandamizo wa hewa juu na chini ya kiwambo. Sanduku la ea klina limepimwa ili hewa iingie imetulia na kwa usawa kwenye kabureta zote nne. Ukilitupa na kuweka za wazi, mabomba yanacheza, mchanganyiko unakosa petroli katikati, na ukipitia vumbi la njia za Buswelu au kundi la wadudu wa ziwani jioni, unajua vinaingia wapi. Inatoa mlio mzuri, nakubali. Lakini nimepokea nyingi za namna hiyo zikiwa na misi isiyoisha, na tiba ilikuwa kurudisha sanduku lake.

Mleta uzi, Pasiansi

Mrejesho tena. Bakuli la 3 lilikuwa na matope ya kijani na kutu, jeti ilikuwa imeziba kabisa. Zingine zilianza kuziba. Tangi nalo lina kutu ndani, nimelisafisha, na nimeweka chujio jipya njiani kwenye mpira. Kichuchumio nimekiziba, niko PRI kwa muda. Mabomba yote manne sasa yanakausha tone! Inawaka na choki narudisha mapema. Bado kuna mtetemo mdogo kwenye silensa, na mzunguko unapanda na kushuka wenyewe.

Fundi, Nyakato

Hongera sana. Mzunguko unaopanda na kushuka wenyewe ni hewa ya wizi. Mipira ya manifoldi ya umri huo inapasuka nyufa ndogo kwenye shingo. Nyunyizia maji kidogo kuzunguka kila mpira injini ikiwa kwenye silensa; ukisikia mlio umebadilika, umepata. Wengine hutumia dawa ya kabureta au petroli kwa jaribio hili, juu ya ekzosi ya moto. Nimeona moto ukiwaka hivyo, tumia maji.

Baada ya hapo pima tapeti (nafasi za valvu) injini ikiwa imepoa usiku mzima, kwa fila (bapa nyembamba za kupimia) na kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kusawazisha kabureta kunakuja mwisho kabisa. Ukisawazisha wakati kuna tapeti iliyobana au mpira uliopasuka, unasawazisha makosa. Huna haja ya kununua geji nne: mpira mrefu unaoona ndani, uukunje kama herufi U kwenye ubao, utie oili kiasi, ncha moja manifoldi hii na nyingine manifoldi ile. Oili inavutwa upande unaonyonya zaidi. Kwa nyingi unaanza 1 na 2, kisha 3 na 4, halafu skrubu ya katikati inalinganisha jozi na jozi. Mpira uwe mrefu, usije ukanywesha injini oili.

Na jambo ambalo usilale bila kulifanya: chomoa dipstiki unuse.

Mleta uzi, Pasiansi

Inanuka petroli mkuu, na ni nyepesi kama maji. Ina maana iliyokuwa inavuja namba 2 ilishuka mpaka huku?

Fundi, Nyakato

Ndiyo. Ilipita kwenye ringi za 2. Usiiwashe tena na oili hiyo, beringi za krenki zinalindwa na oili tu. Mwaga yote, badilisha na chujio lake, weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu kluchi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo na nyingi za magari zinaweza kuifanya iteleze. Kiwambo cha koki kikishafika, fungua kile kichuchumio, rudisha mpira wake, toa PRI, kisha nusa tena dipstiki baada ya wiki.

Mleta uzi, Pasiansi

Nimemwaga leo. Mpira wa manifoldi ya 4 nimeukuta na ufa, nimeagiza yote minne pamoja na kiwambo. Vikifika naanza na tapeti, kisha nitaleta hapa vipimo vyote vinane vya valvu, za kuingizia na za kutolea moshi, kabla sijagusa skrubu ya kusawazisha.